Deni la pizza, mama mkwe jikoni na ami wa kwenye grupu

Haya, maswali mliyonitumia nimeyasoma yote, yanayofanana nimeyaweka pamoja, na yule wa ndoa ya siri nimemjibu pembeni maana hilo si la kuanika hapa.

Rafiki yangu nilimkopesha elfu tatu tangu kabla ya Ramadhan, na kila nikifungua status yake yuko Nyali anakula pizza. Nimdai vipi bila kuonekana mchoyo? (Dada wa Bamburi)

Kwanza wacha kuangalia status, unajipandisha presha bure na pengine hiyo pizza kanunuliwa. Shida yetu tukidai tunazunguka mno, vipi, uko poa, siku nyingi, joto la Mombasa siku hizi si mchezo, naye anajibu yote vizuri kabisa na pesa haijatajwa, unakata simu una hasira kuliko ulivyopiga. Salamu moja yatosha, halafu sababu, kiasi na siku: "Hujambo dada, ile elfu tatu naihitaji, karo ya mtoto mwisho Ijumaa. Utanitumia yote ama tuanze na elfu moja mia tano?" Umempa njia mbili na zote ni za kulipa. Skrinshoti ya M-Pesa iweke, hiyo ni ya siku akikana. Na tafadhali usimdai kwenye chama mbele ya wenzake, mtu akishaaibishwa halipi, anaanza kutafuta makosa yako.

Mama mkwe huja kila Jumapili, anafunua sufuria, anaonja, anatia chumvi bila kuniuliza. Mume wangu aniambia nimzoee. (Mke wa Majengo)

Mume naye! Lakini usimtume akaseme, akienda kwa mamake na "mke wangu hapendi" utakuwa ushafunguliwa kesi ambayo hata hujui imesikizwa lini.

Mimi ningemuwahi. Mtu anayefunua sufuria huwa ataka kuulizwa, miaka yote mwanawe alikula chakula chake na sasa anakaa sebuleni kwenu kama mgeni, kwa hivo kabla hajainuka mwite wewe: "Mama, njoo unionjee hili tui, chumvi waionaje?" Akisema bado, mpe yeye chumvi atie. Sufuria nyingine ikiwa tayari mwambie kwa kicheko na sahani iko mkononi, "Hii nshaikadiria mama, leo utakula mkono wangu," halafu pakua hapo hapo, usisubiri jibu. Siku nyingine muombe akufundishe kitu chake kimoja, ile samaki wa kupaka anayosifiwa, na umuulize maswali ya kweli, ukwaju kiasi gani, tui zito latiwa lini.

Sasa akikusema mbele ya wageni hapo usinyamaze, ila usijibu pale pale. Ngoja mbaki wawili, useme lililotokea siku hiyo tu: "Mama, jana uliposema wali wangu mbichi mbele ya wageni nilivunjika moyo." Lile neno "wewe kila siku" liweke mbali, ukilitoa tu naye atatoa ya tangu harusi, mtalala hapo.

Ami yangu kila asubuhi atuma habari za uongo kwenye grupu la familia. Juzi ati wanaovuka feri kwa miguu wataanza kulipa, watu wakapaniki. Ni mtu mzima, namrekebishaje? (Kijana wa Likoni)

Usimrekebishe kwenye grupu, wajukuu wako mle. Mwandikie inbox: "Shikamoo ami, ile ya feri nimeuliza pale kivukoni, wa miguu bado ni bure. Ukiwaambia wewe watatulia." Hapo atarudi kwenye grupu kama mleta habari njema na heshima yake iko pale pale. Ukipata nafasi mkiwa pamoja muonyeshe kwenye simu yake ile alama ya mishale miwili, WhatsApp huiweka meseji ikishapitishwa mikono mitano au zaidi, yaani aliyekutumia wala hajui ilikotoka. Hataacha kutuma, lakini atapunguza.

Nimetuma mia nane namba siyo, nikipiga anakata. (Wa Changamwe)

Forwadi ile meseji ya M-Pesa kwa 456 ya Safaricom sasa hivi, kupiga baadaye, maana ukianza kwa kupiga na sauti ya ugomvi ushamwambia akaitoe. Kisha mwandikie kwa adabu kwamba umeshaomba irudishwe na asiitoe. Na nyinyi mnaopigiwa na mtu analia ati karibuni kawatumia pesa kimakosa, angalieni balansi kwanza, meseji ya kughushi yafanana kabisa, na kama kweli ipo mwambieni aombe kwa hiyo hiyo 456.

Nimemtumia wifi voice note ya dakika nne nikiwa na hasira. Nifute? (Hakutaja mtaa)

Kama haina tiki za buluu futa, WhatsApp inakupa kama siku mbili hivi. Ila ataona kwamba umefuta kitu, na atataka kujua, kwa hivo mpigie kabla hajauliza. Akiwa ashaisikiza usifute, itaonekana unaficha, na pengine ashaitumia kwa dadake. Nenda kwake alasiri, usibebe zawadi, na useme ni maneno gani yaliyopita mpaka. Lile lililokukasirisha lenyewe lizungumzeni siku nyingine.