Mwanangu, usinunue shanga kwanza

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma. Una michoro 24 ya hereni, mikufu na bangili kwenye daftari, pesa ya kununua vifaa mara moja tu, na unataka toleo jipya liwe mezani kabla ya sherehe za Desemba. Unauliza uanze na mchoro upi.

Usianze na mchoro. Tafuta kwanza kipande kimoja kitakachojirudia kwenye hereni, mikufu na bangili zote, kisha ipime michoro yako kwa kipande hicho. Mchoro usioweza kukitumia, hata uwe mzuri namna gani, usubiri toleo lingine. Mteja hatambui toleo kwa jina ulilolipatia wala maneno uliyoandika kwenye kadi. Analitambua kwa umbo lilelile, rangi zilezile na umaliziaji uleule. Na mfuko wako nao unapona, kwa sababu kipande kilichokosa mnunuzi kama hereni kinafunguliwa na kuwa mkufu.

Umesema unayawaza mawe ya Mwanza. Sawa, ila usimning'inize mtu Jiwe la Bismarck, lile maarufu la ziwani, shingoni. Hiyo ni zawadi ya mgeni anayewahi ndege. Ina soko lake, lakini haikupi bidhaa kumi zinazofanana. Tazama mawe yenyewe yamekaaje: moja juu ya jingine, na kubwa chini. Basi chukua diski za shaba ya njano za ukubwa wa aina tatu, kipenyo cha milimita 10, 16 na 24, zilizogongwa nyundo kidogo ili zisiwe laini kama sarafu. Ukitaka kuangalia shanga za Kisukuma, nenda Makumbusho ya Bujora pale Kisesa, ujifunze mpangilio wa rangi. Vitu vilivyokuwa vya watemi usivinakili bila kuuliza wenyewe. Na ukitamani konokono wa ziwani, usiingie majini kuwaokota: wapo wanaobeba vimelea vya kichocho, tena magamba yao mengi ni membamba, yanapasuka ukiyatoboa.

Rangi zisizidi nne. Shaba ni moja, kijivu cha mawe ya pili, nyeusi ya tatu, na ya nne iwe ile inayoshtua jicho, labda zambarau ya ua la magugu maji. Hiyo ya nne itie kama pilipili.

Sasa unene wa bati, maana hapa ndipo wengi wanapoteza pesa. Diski tatu hizo zikikatwa kwenye bati la milimita 0.8 zina uzito wa karibu gramu 5 kwa pamoja. Ukichukua bati la milimita 1.2 kwa kuwa fundi amekuambia ni imara, zinafika gramu 7.5, na hapo hujaweka shanga wala ndoano. Hereni moja ikikaribia gramu 10, mvaaji anaivua kabla ya saa sita mchana na haivai tena. Nunua mizani ndogo ya gramu kabla hujanunua bati.

Mpangilio wa kazi ni huu. Lainisha shaba kwa moto hadi iwe na wekundu hafifu, acha wekundu upotee ndipo uichovye majini. Ikichovywa ingali nyekundu, shaba nyingine hupata nyufa. Usipitilize moto, kwa kuwa shaba ya njano ina zinki na moshi wake ni sumu. Fanyia nje au dirisha likiwa wazi. Kisha kata, gonga, toboa, piga tupa ukingoni, maliza kwa msasa namba 240, 400 na 800. Usitoboe kabla ya kugonga: nyundo inatanua shaba, tundu linakuwa yai na ukingo unabaki mwembamba. Liache tundu milimita 2 kutoka ukingoni, vinginevyo litachanika mtoto akilivuta.

Vipete vya kuunganishia, tumia waya wa milimita 0.8 kwa hereni na 1.0 kwa mkufu. Kipete kinafunguliwa kwa kusukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma. Ukizitanua kushoto na kulia duara linakufa, na ncha hazikutani tena. Ukikifunga, kinyanyue kwenye mwanga. Ukiona mwanya, uzi utapita hapo siku ya sherehe. Ndoano za masikio usizitengeneze kwa shaba. Nunua za fedha ya 925 (yenye fedha halisi asilimia 92.5) au titani. Nikeli ndiyo inayowasha masikio ya watu wengi, na ndoano za bei ya chini mara nyingi zina nikeli chini ya rangi ya juu.

Shanga, chukua za kioo za Cheki namba 8, karibu milimita 3. Namba ikipanda ushanga unapungua, usije ukaagiza 11 ukidhani ni kubwa. Uzi mmoja wa sentimita 45 unakula kama shanga 190, ila pima mwenyewe sentimita 10, hesabu, zidisha. Kwanza nunua pakiti moja ya kila rangi. Loweka shanga kumi kwenye spiriti usiku kucha, nyingine ziweke dirishani juani wiki nzima, nusu yake umezifunika. Zambarau na waridi ndizo zinazosaliti sana. Rangi ikishinda jaribio, rudi ununue yote ya toleo zima kwa siku moja, ukiongeza theluthi juu ya hesabu yako. Kijivu cha mzigo wa mwezi ujao hakitalingana na hiki, na tofauti utaiona baada ya kuvitundika pamoja.

Kati ya michoro yako, tengeneza sampuli 14 ukitarajia kubaki na 10. Kila sampuli ivaliwe siku saba na mtu asiye wewe: aoshe vyombo nayo, ajipake mafuta, apande daladala. Aandike kila kinachomkera. Utasikia mambo matatu karibu kila toleo: shaba imeacha alama ya kijani shingoni, uzi umelegea, diski inageuka na kuonyesha mgongo. Kijani kinatokana na jasho; nta kidogo inasaidia, vanishi inabanduka kwenye bangili. Uzi wa nailoni uvute na uuning'inize na uzito usiku mmoja kabla ya kutungia. Diski inayogeuka igongwe na kumalizwa pande zote mbili.

Bei iandike kabla hujazidisha sampuli. Pima muda kwa kipande cha tatu, maana cha kwanza unajifunza. Mfano: vifaa shilingi 2,200, kazi ya dakika 40 kwa 3,000 kwa saa ni 2,000, kifungashio 500. Jumla 4,700. Ongeza asilimia 10 ya umeme, usafiri na vilivyoharibika, unapata 5,170. Hiyo ni gharama, siyo bei. Kwa mwenye duka, uza 8,000. Mezani kwako, 14,000 hadi 15,000. Ukiona hakuna atakayeitoa, punguza hatua za kazi, kwa mfano diski mbili badala ya tatu. Usipunguze saa zako kwenye karatasi.

Kwa mzunguko wa kwanza nadhani hivi: hereni za aina 4, jozi 10 kila aina, bangili za aina 3, sita sita, mikufu ya aina 2, mitano mitano, na kidani kikubwa kimoja cha aina yake, utengeneze 2 tu. Kidani hicho wengi hawatakinunua. Watakishika, wataulizia, kisha watachukua hereni zinazofanana nacho. Fanya kazi kwa hatua: kata diski zote, kisha gonga zote. Ukimaliza kimoja kimoja, cha kumi hakitafanana na cha kwanza, na muda utaongezeka. Weka diski 60 za akiba, kwa sababu kamati ya sendofu ikizipenda itataka seti 20 kwa wiki mbili.

Hesabu wiki kumi kurudi nyuma: mbili za sampuli, mbili za kuvalisha na kurekebisha, moja ya bei na manunuzi, nne za kutengeneza, moja ya picha. Ukitaka tarehe 1 Desemba, uwe umeanza kabla ya Septemba 22. Picha zipige asubuhi kando ya dirisha, kitambaa kimoja, na kila bidhaa iwe na picha moja ikiwa mwilini.

Dukani wakitaka mali kauli, yaani wauze kwanza ndipo wakulipe, wape, ila isizidi theluthi ya mzigo, kwa orodha yenye nakala mbili zilizosainiwa na tarehe ya kulipana. Kila jioni ya kuuza andika kilichoshikwa na kilichonunuliwa, kwa safu mbili. Kinachoshikwa sana bila kununuliwa kina tatizo la bei au uzito. Kisichoshikwa kabisa baada ya miezi miwili, kifungue, diski zirudi kwenye chupa.

Kabla hujaenda kununua bati la toleo zima, nitumie orodha ya sampuli 14 ulizochagua na uzito wa kila moja. Baba yako anakusalimu.

Mama yako