Maswali ya Wasomaji: Nando's walianza na kibanda kimoja?

Swali: Nauza kuku wa kupaka hapa Tanga, na kabla ya Isha sufuria iko tupu. Mtoto wa kaka yangu anayesoma London anasema kule wamejaa Nando's, wanauza kuku wa pilipili, na kwamba walianzia mgahawa mmoja tu Afrika Kusini. Ni kweli? Na mimi nikifungua kibanda cha pili, nitaweza?
*Mama Kuku, Tanga*

Jibu: Ni kweli, dada yangu. Mimi ni mtu wa Mtwara, na kuku huyo nilimjua kwa shangazi aliyeolewa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Alimpasua akamlaza bapa, akamsugua kitunguu saumu, limau, chumvi, mafuta na pilipili kichaa, akamwacha mpaka kesho yake. Hakupima kitu, alionja kwa ncha ya kidole.

Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, Wareno wengi walihamia Afrika Kusini, na kuku wa piripiri akaenda nao. Mtaa wa Rosettenville, Johannesburg, ukawa na Wareno wengi. Hapo Fernando Duarte alimpeleka rafiki yake Robert Brozin kula kwenye kimgahawa kiitwacho Chickenland. Mwaka 1987 wakakinunua. Nando ni ufupisho wa Fernando. London walifika mwaka 1992, na leo wako katika nchi zaidi ya 20.

Sasa sikiliza vizuri. Kilichosafiri ni mchuzi. Ndani yake mna limau, siki, chumvi na mafuta, vitu visivyoharibika upesi, ndiyo maana unakaa hata kwenye chupa za supamaketi. Kuku analowekwa saa 24, kisha kijana wa jikoni anampaka ukali aliouchagua mteja. Kijana huyo hahitaji kuwa na mkono wa shangazi yangu.

Wewe kiungo chako ni tui, na tui huchacha. Mimi niliwahi kufungua kibanda cha pili Masasi, nikamwachia binti hodari kweli. Alikamua nazi tatu siku ya mnada, siku nyingine mbili. Mwezi wa pili wateja wakaniambia, "Huyu si kuku wako." Nilikifunga, na mpaka leo naumia, kwa sababu kosa halikuwa lake. Sikuwahi kumpa kipimo.

Kwa hiyo nunua mizani. Tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na ndimu visage mwenyewe nyumbani, uvipime, uvipeleke kwenye ndoo yenye mfuniko. Nazi ikamuliwe palepale kibandani, kwa uzito wa nazi iliyokunwa, maana nazi hazilingani. Halafu kaa wiki tatu kwenye kibanda chako cha sasa bila kugusa mwiko, apike mwingine. Wateja wako wa zamani wakila bila kuuliza nani kapika, tafuta fremu Pongwe. Muheza iache kwanza. Pongwe ndoo itafika kwa daladala asubuhi, na jioni utapita kuonja.