Mzuie huyo fundi wa vanishi

Dada, umesema marehemu babu amekuachia mfano wa jahazi wa urefu wa mkono, tanga limechanika, na fundi wa fanicha hapo Ngong Road anataka kuupiga msasa na vanishi kabla hujauuza. Mzuie! Ule weusi wa mbao ndio umri wenyewe; ukishaondoka, haurudi. Vumbi litoe kwa brashi laini, kavu. Kamba zilizolegea usizikate.

Kisha tazama ubavuni. Mbao zikiwa zimeshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari, na tanga ni la mkeka, la pembe nne, basi huo si wa jahazi, ni wa mtepe, chombo cha kwetu Lamu ambacho leo huwezi kukiona kikisafirisha mizigo. Hapo usikubali bei ya haraka. Ukiwa wa mfupa, hiyo ni hadithi nyingine: wafungwa Wafaransa huko Uingereza, katika vita vya Napoleon vilivyoisha 1815, walichonga meli kwa mifupa ya mlo wao wakaziuza. Ila za kuiga ni tele. Mimi mwenyewe nimeshaingia mkenge. Anza na Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill, uombe wautazame.