Mitambo ya Upepo Baharini: Kinachotakiwa ni Pumzi

Kijana mmoja wa Mombasa kanitumia picha yake akiwa kifua wazi, mabega yamejaa vyuma vya jimu, na swali: "Kaka, kwa mwili huu nikija Uingereza, kazi ya mitambo ya upepo baharini nitaiweza?"

Mdogo wangu, mwili unao. Ila daktari wa huku hapimi kwa macho. Atakupa kistuli, upande na kushuka kwa kufuata mlio: mara 15 kwa dakika, kisha kila dakika 2 kasi inaongezwa mpaka 35, mapigo ya moyo yakisomwa. Kiwango kinachotumika sana ni mwili uweze kutumia mililita 35 za oksijeni kwa kila kilo yake kwa dakika. Nimeona mabaunsa wakiomba maji.

Mimi mwembamba wa Tanga. Bwana mmoja wa wakala wa ajira alinitazama juu mpaka chini, akaniambia kazi za ghalani zipo. Mpaka leo sijamsamehe. Sasa natokea bandari ya Grimsby kwenda Hornsea 2, shamba la upepo baharini lenye mitambo 165, na mwezi huu kipimo nimekipita tena, alhamdulillahi.

Kuvuka kutoka botini kwenda kwenye mtambo ndiko kwenye kazi. Boti inabana pua kwenye nguzo, mawimbi yanaipandisha na kuishusha, nawe umevaa suti ya maji baridi, jaketi okozi na mikanda ya usalama. Ukishashika ngazi, panda hapo hapo, maana boti ikiinuka inakufuata miguuni. Ndani ya mnara lifti ipo, lakini siku nyingine iliyoharibika ni hiyo hiyo lifti. Na mwenzako akizimia kule juu, wa kumteremsha ni wewe. Kujifunza uokoaji huo nako kunataka nguvu.

Kwa hiyo panda ngazi. Panda ukiwa na begi mgongoni. Ning'inia kwenye bomba mpaka viganja viwake moto, halafu rudi kwenye ngazi. Vijana wetu mnapenda kioo mno! Mnajenga kifua, miguu kama ya korongo, jioni shisha. Shisha iache leo, si mwezi ujao. Lala mapema. Na kabla mzee hajauza kiwanja ulipiwe kozi, nenda kapime presha hapo hapo Mombasa, kwa sababu iliyopanda bila matibabu inaweza kukukwamisha kwa daktari hata kistuli hujakikanyaga.