Kabla hujakimbilia Houston: baridi ya Minnesota na joto la Texas kwa mstaafu

Oktoba 2023 mimi na mzee wangu, yaani mume wangu, tulipakia lori la kukodi Brooklyn Park, Minnesota, tukaenda kushusha mzigo kusini-magharibi mwa Houston. Oktoba 2024 tukapakia lori jingine, mzigo uleule umepungua kochi moja, tukarudi tulikotoka. Watu wametucheka vya kutosha. Lakini haipiti wiki bila mtu kunipigia simu: "Dada, nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nihamie kusini au nibaki huku?" Basi nieleze mara moja, kila mtu asome.

Kwanza mjue kwa nini tulihama, maana sababu tulikuwa nayo. Msimu wa baridi wa 2022 kuingia 2023, theluji iliyoanguka Minneapolis, jiji lililo jirani yetu, ilifika inchi 90, yaani zaidi ya mita mbili. Kwa kawaida ni kama inchi 50 na kidogo. Mzee ana miaka 70, beleshi mkononi, kila ikianguka anatoka. Akishamaliza kusafisha njia ya gari, linapita gari la manispaa la kusukuma theluji, linamrudishia ukuta mzima pale pale mlangoni. Theluji hiyo ya pili huwa imeshindiliwa, nzito kama zege bichi. Mimi niliyekaa kando nikimwonea huruma ndiye niliyevunjika. Februari, kwenye maegesho ya kanisa, nilikanyaga barafu ile isiyoonekana, unayodhani ni lami iliyolowa. Kifundo cha mkono, plasta wiki sita.

Hapo mzee akatamka maneno yaliyotuponza: "Mama, sisi ni watu wa Tanga. Joto gani litatushinda?"

Kwetu pwani kaskazi ndio unaoleta joto, Desemba mpaka Machi, halafu kusi ukianza kuvuma watu wanapumua. Marekani mambo yamegeuzwa, kaskazini ndiko kwenye barafu na kusini ndiko kwenye tanuri. Tungetafakari hilo kidogo tungejua kwamba joto si moja. Tanga mwezi wa Februari kipimajoto kinafika nyuzi 32 au 33. Ni joto, sikatai, lakini alasiri bahari inapuliza, jioni watu wako barazani, usiku feni inatosha. Houston mwezi wa Agosti nyuzi 35 au 36 ndiyo siku ya kawaida, na unyevu juu yake, na usiku haishuki sana chini ya 25. Agosti ya 2023, miezi miwili kabla hatujafika, ilikuwa imefika 109 kwa hesabu yao ya Fahrenheit, karibu 43 kwa hesabu yetu. Tulisikia kwenye habari. Tukasema ni ya mwaka huo.

Tena kule hakuna baraza. Unatoka kwenye kiyoyozi cha nyumba, unaingia kwenye kiyoyozi cha gari, unashukia kwenye kiyoyozi cha duka. Juni mpaka Septemba tulifungwa ndani vilevile tulivyokuwa tukifungwa Minnesota Desemba mpaka Machi, ila sasa nje kuna jua kali, na jua la nje linakudanganya utoke. Mzee alikuwa akitembea saa kumi na moja alfajiri, akirudi fulana imelowa kama ameogelea.

Mimi nimefanya kazi nyumba za wazee miaka 26, kubeba boksi kwetu kulikuwa ni kubeba watu. Najua mwili wa mzee unavyodanganya. Kiu inapungua, kwa hiyo haombi maji. Jasho halitoki kama zamani. Baadhi ya vidonge vya presha vinamkojoza, maji yanazidi kumtoka. Yote hayo nayajua, na bado siku moja ya Juni nilimtuma mume wangu mwenyewe arudishe toroli la sokoni, mwendo wa dakika mbili, nikakaa garini kupanga risiti. Kuja kumwangalia, amelishika toroli kwa mikono miwili, amesimama tu. Nikamwita. Aligeuka polepole, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha pili. Ngozi ya shingo kavu, ya moto. Nilimmwagia maji ya chupa pale pale mbele za watu, nikamwingiza garini. Alipona. Lakini tangu siku hiyo sikumwacha akashuka peke yake.

Kuna dada wa Mombasa aliniambia kosa letu lilikuwa unyevu, angeenda Phoenix, kule joto ni kavu. Phoenix mwaka 2023 ilipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na kuzidi, na kaunti yake ya Maricopa ikahesabu vifo 645 vya joto mwaka huo. Ukavu huo sijui unamfariji nani.

Lililotung'oa hasa lilikuwa umeme. Tarehe 8 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita, nyumba na biashara zaidi ya milioni mbili zikabaki gizani. Sisi tulikaa siku sita. Sisi watoto wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, na mgao tunajua kuishi bila umeme, si ndiyo? Hapana. Nyumba ya Tanga ina madirisha yanayopitisha hewa, dari refu na kivuli cha mwembe. Nyumba ya Houston imejengwa ikitegemea kiyoyozi, ikizimika inageuka sufuria lenye mfuniko. Siku ya pili kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi 33 ndani, saa nne usiku. Kwenye friji kulikuwa na insulini ya mzee ya mwezi mzima. Barafu madukani imekwisha. Jirani yetu, mama wa Bukavu mwenye jenereta ndogo uani, alinikuta mlangoni na boksi la dawa kichwa kimeniwanga, akasema, "Mama, leta dawa, tutaweka mu frigo." Siku nne dawa ya mume wangu ililala kwenye friji ya watu kati ya sombe, kisamvu chao, na maziwa ya watoto.

Ndiyo maana nasema swali linaulizwa vibaya. Nyuzi ngapi ni jambo dogo. Uliza mtambo unaokuweka hai ukizima utakuwa wapi, na nani atagonga mlango. Kwa swali la pili Houston inaishinda Minnesota, kusema kweli: Wakongo, Watanzania na Wakenya wamejaa, Kiswahili unakisikia kwenye foleni ya samaki, na msiba mmoja unakusanya watu mia. Mzee alipata wenzake wa bao. Brooklyn Park Wakenya wapo wengi, lakini Januari kila mtu amejifungia kwake.

Kwa swali la kwanza, Minnesota imejiandaa zaidi kwa baridi kuliko Texas ilivyojiandaa kwa chochote. Tarehe 30 Januari 2019 ilishuka mpaka nyuzi 33 chini ya sifuri, hata posta ikasitisha kupeleka barua. Mimi nilikwenda kazini, kwa sababu wazee hawasitishwi, na ndani ya jengo watu walikuwa na fulana. Sheria ya jimbo inawabana wenye gesi na umeme wasiwakatie watu joto kuanzia Oktoba 1 mpaka Aprili 30, mradi mwenye deni akubaliane nao namna ya kulipa. Na msidhani ukienda kusini umeikimbia baridi. Februari 2021 Texas iliganda, nyumba zaidi ya milioni nne zikakosa umeme, mabomba yakapasuka darini, na jimbo lenyewe likahesabu watu 246 waliokufa. Nyumba nyingi za kule hazikujengwa kwa ajili ya baridi.

Tena mjue Mungu ana utani. Msimu wa baridi tulioukimbia, wa 2023 kuingia 2024, ulikuwa na joto kuliko yote iliyowahi kupimwa Minneapolis. Binti yetu alikuwa akitutumia picha za majani makavu Januari, bila theluji, na chini ameandika: "Rudini mwone."

Sasa ya kufanya. Nenda kakae mwezi mbaya. Wote tunakwenda kutazama Houston wakati wa Krismasi na Minnesota Julai, halafu tunashangaa. Panga chumba Houston Agosti yote. Na wewe wa Texas unayetamani kaskazini, njoo Januari, ukae mpaka uchoke na giza, maana Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, na giza hilo limewaliza wengi kuliko baridi yenyewe. Usinunue nyumba mwaka wa kwanza. Sisi tulipanga, na ndilo jambo pekee la akili tulilofanya.

Bima ya afya iangalie kabla ya lori. Medicare ya serikali, ile bima ya wazee, inakwenda nawe jimbo lolote, lakini wengi wetu tumejiunga na mipango ya kampuni binafsi yenye madaktari wa eneo fulani, na ukihama eneo, mpango unabaki nyuma. Unapewa muda wa kuchagua mwingine, sawa, ila daktari wa kisukari wa mzee tulimngoja miezi mitatu. Ukinunua kwenye eneo la mafuriko, bima ya nyumba ya kawaida hailipi mafuriko, na ile ya serikali ya mafuriko kwa kawaida inaanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuikata, kwa hiyo usingoje kimbunga kitangazwe. Kuhusu kodi: Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, ni kweli, lakini kodi ya nyumba kule ni kubwa, na bili ya kiyoyozi inakula kile ulichookoa. Fanya hesabu yako mwenyewe, usifanye ya jirani.

Wapo wanaoishi pande zote mbili, Wazungu wanawaita ndege wa theluji. Wenye uwezo wafanye. Wakumbuke tu kuacha joto kidogo ndani ya nyumba ya kaskazini na kufunga maji, la sivyo mabomba yatapasuka, watakuta bwawa sebuleni.

Na swali ambalo kila mtu wa nyumbani huuliza, kwa nini tusirudi Tanga moja kwa moja. Medicare kwa kawaida hailipi matibabu nje ya Marekani, wajukuu wako hapa, na mwenye grinikadi asiye raia akikaa nje muda mrefu anaweza kuulizwa maswali mpakani. Kila nyumba na hesabu zake.

Hesabu yetu ilituleta kwenye ghorofa la tatu, vyumba viwili, gari linalala chini ya jengo ambako hakuna theluji wala beleshi. Asubuhi za Januari natembea ndani ya Mall of America kabla maduka hayajafunguliwa, pamoja na wazee wenzangu wa kila rangi, tukisalimiana kwa vichwa. Baridi yabisi ya magoti ipo. Ilikuwepo Houston pia, ilikuwa tu haina wa kumlaumu. Mzee bado ananuna kila ikifika Novemba, anawapigia wenzake wa bao Houston na kuwauliza hali ya hewa, nao wanamjibu kwa raha zao.

Mwaka huu tumekata tiketi, wiki sita Tanga, katikati ya kaskazi. Juzi nimemsikia kwenye simu akimuuliza kaka yake Chumbageni kama ameshanunua jenereta.