Maswali yenu: ziwa likichafuka

Mimi wa Tanga, bahari naijua. Kweli ziwa linaweza kumtisha mtu wa pwani?

Linatisha aisee, na nyie wa pwani ndo mnadanganyika zaidi. Wimbi linakuzwa na upepo, muda unaovuma na umbali wa maji uliopo mbele yake, sasa Ziwa Victoria ni kama kilomita za mraba 68,800 kwaiyo umbali upo, ila sio wa bahari, wimbi halipati nafasi ya kujinyoosha, linakuja fupi limesimama wima na la pili liko nyuma yake hapohapo. Baharini ngalawa inapanda, inashuka, unapumua. Ziwani hujamaliza kushuka lingine limeshaingia ndani.

Baba alivua Ukerewe, anasema alfajiri ndo mbaya. Kwanini?

Mzee anajua anachosema. Mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, hewa ya huko inapanda, upepo unatoka ziwani kwenda bara na radi zinapiga hukohuko milimani. Usiku inageuka, bara imepoa maji bado vuguvugu, upepo unashuka toka pande zote unakutana juu ya ziwa, hauna pa kwenda zaidi ya juu, basi mawingu yanajengeka usiku kucha mpaka asubuhi yanasukumwa kuelekea magharibi (Bukoba kunyesha vile sio bahati mbaya). Na usiku huo nani yupo katikati? Wa dagaa, maana dagaa anavuliwa kwa taa, mwezi usipokuwepo, yani giza ambalo hata wingu hulioni likija.

Alafu kuna kitu kinaitwa upepo wa kushuka: mvua ikianza kumwagika toka kwenye wingu inavuta hewa baridi chini, ikifika majini inatawanyika kwa nguvu, ziwa lililokuwa limetulia linachafuka ndani ya dakika chache. Ukisikia baridi ya ghafla kabla ya tone la kwanza, usivute nyavu taratibu.

Nimeona picha za Ziwa Erie kule Amerika Kaskazini, mawimbi kama milima ya Usambara. Ni editi?

Nyingi ni za kweli, ila mpiga picha ana ujanja wake, anatumia lensi ndefu inayovuta wimbi karibu na kasi kubwa ya shata inayoligandisha likiwa juu. Mengine ni wimbi limegonga ukuta wa bandari likarudi likakutana uso kwa uso na linalokuja, maji yanaruka juu wima, ule mlima unaishi sekunde moja. Erie pia lina kina kifupi, wastani mita 19 tu, ndo maana mwezi wa kumi na moja upepo ukilishika linachemka vibaya. Mimi nikiziangalia nasahau kabisa kwamba ni maji baridi ya kunywa, ni nzuri mno.

Mtumbwi sawa, ila meli kubwa je? Au ndo ilivyokuwa MV Bukoba?

MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria 21 Mei 1996, tusiisingizie mawimbi, meli ilizidiwa na watu na uthabiti wake majini ulikuwa na shida. Ila kwa dhoruba mfano upo, Edmund Fitzgerald, meli ya mizigo ya mita 222, imebeba madini ya chuma, ilizama Ziwa Superior, hukohuko Amerika Kaskazini, tarehe 10 Novemba 1975 na wote 29 wakafa. Kilichoipasua bado wanabishana mpaka leo, kwamba usiku ule ziwa lilikuwa limechafuka vibaya habishi mtu.

Nataka kupiga picha za dhoruba Mwanza, nisimame wapi?

Juu na nyuma, ndani ya jengo ikiwezekana. Sio kwenye yale mawe yaliyolowa, yanateleza balaa, na sio gatini. Ukisikia ngurumo tu funga tripodi uingie ndani, hata kama mvua haijaanza, radi haingoji mvua. Picha ya asubuhi yake, saa moja hivi wingu likiwa linaondoka kuelekea Bukoba na jua liko nyuma yako, mara nyingi ndo inakuwa kali kuliko zote na hata hulowi.