Dar usiulize ule wapi, uliza ni saa ngapi

Mleta mada kahamia Dar kutoka Mbeya, huu ni mwezi wa tatu. Ofisi iko Posta, amepanga Tabata. Anasema kila anayemuuliza sehemu nzuri ya kula anamtajia jina tofauti, akienda anakuta chakula cha kawaida tu, na mara mbili tumbo limemgeuka. Sasa ameamua kushinda na chipsi mayai, mchana na usiku, na anataka wenyeji tumwambie tunakula wapi.

Mkuu, mimi nimezaliwa Ilala na kukulia Ilala, na mjini nafanya kazi mwaka wa 16 huu. Siku ya kazi sijawahi kubeba chakula kutoka nyumbani. Waliokutajia hizo sehemu hawakukudanganya, ila walisahau kukutajia saa. Banda lilelile, mpishi yuleyule, ukifika saa 1 asubuhi unalamba vidole, ukifika saa 5 unajiuliza watu wanasifia nini.

Chukua supu. Makongoro hayaivi kwa haraka, yanataka moto mdogo usiku kucha mpaka gozi liwe laini kama mkate uliolowa. Saa 12 na nusu sufuria linafunuliwa, wa kwanza kukaa kwenye benchi ni makonda, wabeba mizigo na walinzi waliotoka zamu. Mchuzi wa saa hiyo ni mzito, ukinywa midomo inanatana. Unakamulia ndimu, unaomba pilipili ya kuponda, chapati mbili, umemaliza mpaka saa 7 mchana. Sasa wateja wakizidi, sufuria linaongezwa maji. Saa 3 limeongezwa mara ya pili, saa 4 limeongezwa tena na chumvi juu. Ukitaka kujua umewahi au umechelewa, usiulize, inama uangalie juu ya mchuzi. Ukiona vijicho vya mafuta vimejaa, kaa. Ukiona maji yanang'aa na kitunguu kinaelea peke yake, agiza chai na chapati, uende zako. Kwa supu ya ng'ombe mimi nakwenda Vingunguti, kwa sababu machinjio yako palepale. Kutoka Tabata siyo mbali, ukitoka mapema unapita, unakunywa, unaendelea na safari ya mjini.

Mchana ndiyo penye kesi yako, maana ndiyo saa ambayo tumbo lako limegeuka.

Posta usitafute bango. Tangu wamachinga walipoondolewa barabarani Oktoba 2021, mama lishe wengi wa katikati ya mji walijibanza nyuma: uchochoroni, kwenye ua wa gereji, kando ya majengo yanayojengwa. Mama ninayekula kwake mimi alihama mara mbili mwaka ule, na mara zote mbili tulimpata kwa kuwafuata mafundi ujenzi. Saa 6 mchana ukiona mafundi wenye vumbi la saruji kwenye nywele wanakata kona wote upande mmoja, wafuate. Fundi anabeba zege juani, hela yake ni ya siku kwa siku, hawezi kula chakula kibaya wala cha bei mbaya mara mbili.

Huyu mama nimemtazama akipika miaka mingi, ndiyo maana nasema habari ya saa kwa uhakika. Maharage yanachemshwa jana yake usiku nyumbani, asubuhi anayaunga kwa nazi. Mchicha au matembele anasubiri mpaka karibu na mwisho ili yasigeuke rangi. Wali ndiyo anaupa heshima. Tui likishakauka kwenye sufuria, anapunguza moto wa chini, anafunika na mfuniko bapa, halafu anachota makaa kwa koleo na kuyatandaza juu ya mfuniko. Hapo anapalia. Moto wa juu unakausha punje, moto wa chini unajenga ukoko, na harufu ya nazi inaanza kutembea mpaka kwenye foleni ya bajaji. Saa 6 kasoro anakung'uta makaa, anafunua. Kuanzia hapo mpaka saa 7 na nusu unakula chakula ambacho hoteli yenye viyoyozi haiwezi kukupa, kwa sababu wao wali wao umekaa kwenye chombo cha moto tangu saa 5. (Wewe mtu wa Mbeya utacheka: hapa mjini kila mchele unaitwa wa Kyela. Usibishane nao, kula.)

Sahani ya wali maharage na mboga ninakokula ni 2,000, ukitaka nyama au samaki unaongeza hadi 3,000. Kuna kipande cha tikiti au ndizi mbivu pembeni, na ndoo ya koki ya kunawia. Ukila hapo wiki mbili mfululizo utaingizwa kwenye daftari la mikopo, na ukilipa deni lako Ijumaa bila kukumbushwa, siku moja utaona mama anakufinyia jicho na kukuwekea kipande cha ukoko chini ya wali, kwa siri kana kwamba ni rushwa. Hapo ndipo umekuwa mkazi wa Dar.

Sasa tumbo. Mwaka fulani nilibanwa na kikao mpaka saa 9, nikatoka na njaa, nikaingia sehemu moja ambayo sikuwahi kula, nikamkuta dada anafunga vyombo. Akasema samaki yupo mmoja, akamrudisha kwenye mafuta akanipasha. Nilimla nikamsifia. Usiku ule na siku iliyofuata nilikaa chooni nikihesabu vigae. Yule dada wala simlaumu sana, samaki alikaangwa saa 5 kwa ajili ya watu wa saa 6, mimi nikamla saa 9 baada ya kukaa kwenye joto la mji huu chini ya kawa. Tangu siku ile nina sheria: ikishapita saa 8, sili chochote chenye nazi, samaki wala kachumbari. Nanunua dafu.

Dafu nalo lina maneno yake. Yule wa baiskeli usimwambie "nipe dafu" tu, mwambie unataka la maji au la kukomba. Atayagonga kwa mgongo wa panga, atasikiliza, atakuchagulia. Ukimaliza maji anakupasulia, na kipande cha kumbi lenyewe anakichonga kuwa kijiko. Ni mlo kamili wa saa 9.

Jioni kuanzia saa 11 mji unabadilika. Kahawa inatoka na kashata zake, na vijiwe vinajaa watu wanaojua Simba itapanga kikosi gani kuliko kocha. Kahawa huwa chungu kwa makusudi, kikombe kidogo, usiombe sukari, utachekwa. Sukari yako ni kashata.

Saa 12 anatoka muuza pweza. Magomeni na Kariakoo utamkuta pembeni ya barabara na meza yake, taa moja, pweza mzima mwekundu amelala juu ya sinia, kisu chembamba. Anakata vipande vidogo, wewe unachoma kwa kijiti, unachovya kwenye pilipili yenye ndimu, unatafuna. Kila kipande na bei yake kulingana na unene wa mkono wa pweza. Huhitaji kutaja umekula vingapi, anakuangalia huku anaongea na mwingine, na hajawahi kukosea. Supu yake anakupa kwenye kikombe. Wanaume watakwambia wanainywa kwa sababu ya ladha tu. Waache.

Mihogo ya Coco Beach umeshaambiwa, najua, maana kila mgeni anapelekwa. Ni mizuri, sikatai: inakaangwa, inapasuliwa katikati, inapakwa pilipili na chumvi, kachumbari juu. Lakini pale unalipia pia upepo wa bahari. Nenda Jumapili jioni na mtu unayempenda. Siku ya kawaida, mihogo hiyohiyo iko mtaani kwako Tabata jirani na kituo, na vijana wanaiita chipsi dume.

Kuhusu chipsi mayai nitasema jambo litakalonigombanisha na watu. Zege siyo chakula kibaya, ila tunakila vibaya. Kijana wa chipsi anawasha jiko saa 10 jioni, anakaanga viazi nusu nusu na kuvirundika kwenye kabati la kioo. Ukiagiza, anavirudisha kwenye mafuta kidogo, anavimwaga kwenye kikaango, mayai mawili juu, anasubiri chini pashike, anafunika na sahani, anageuza. Dakika 5. Mafuta yakiwa mapya, kama saa 12 hivi au saa 1, unapata kitu cha rangi ya dhahabu, nje kimekauka, ndani viazi vinavunjika vyenyewe. Saa 5 usiku mafuta yaleyale yamekaanga kuku, ndizi, mihogo na soseji, yamekuwa meusi kama ya gereji, na viazi vimelala kwenye kioo tangu magharibi. Halafu unavipandisha bodaboda vikiwa vimefungwa, vinatoa jasho njiani, unafika nyumbani na uji. Wewe unakula hivyo mara mbili kwa siku halafu unalaumu mji? Kabla hujaagiza, chungulia karai. Kama huoni chini, pita.

Usiku ukitaka nyama, kaa mjini kidogo baada ya kazi. Kisutu na mitaa ya jirani, jua likizama, majiko ya mishkaki na kuku yanatolewa nje, meza zinapangwa mpaka barabarani. Ile kona ya Mtaa wa Libya na Barabara ya Morogoro ina foleni yake na moshi wake. Maeneo hayohayo na Upanga ndiko utapata mix, ule urojo wa Kizanzibari wa ukwaju na embe, ndani kuna bajia, kachori, viazi, mishkaki na vichipsi vya muhogo vya kuvunjia juu. Vichipsi hivyo omba uwekewe pembeni, vikilowa havina maana tena.

Jumamosi moja jitahidi ufike Feri, soko la samaki pale Kivukoni, mapema. Saa 12 mnada unaendelea, samaki wamepangwa mafungu, dalali anapanda na bei kwa kasi ambayo mgeni huwezi kuifuata. Usiingie kwenye mnada, huo ni wa wachuuzi. Subiri pembeni ununue kwa mchuuzi, changu wawili au fungu la vibua kama mfuko haujakaa vizuri. Unampelekea mpaa samaki, anakwangua magamba, anatoa utumbo, anachanja mbavuni, yote hayo kabla hujamaliza kutafuta chenji. Kisha unahamia upande wa wakaangaji, kwenye makarai makubwa na kuni, moshi unakutoa machozi. Unalipia kukaangiwa, unapewa samaki bado anachemka, ndimu, chumvi na pilipili. Kula palepale umesimama. Mimi huwa nabeba hotpoti kwa ajili ya wa nyumbani, mama yangu akiona nimerudi mikono mitupu kutoka Feri hanisalimii. Ukienda saa 8 mchana soko lipo na samaki wapo, lakini kumbuka hadithi ya yule dada.

Ramadhani ratiba yote hii inapinduka. Mama lishe wengi wanafunga mchana, wengine wanaweka pazia. Lakini saa 11 jioni Kariakoo na Magomeni ndiyo kuna sherehe: magimbi na mihogo ya nazi, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga. Hata kama hufungi, nenda ukanunue. Ila usianze kutafuna mbele ya aliyekuuzia kabla ya adhana.

Tabata yenyewe kwa usiku wa Ijumaa ni nyama choma na kitimoto. Kama unakula hicho cha pili, agiza kabla hujakaa, maana nusu saa ni ahadi tu, andaa saa nzima, na hapo ndizi za kuchoma ndizo zitakuokoa. Kama hukili, uliza kwanza jiko linatumika pamoja au la, hakuna atakayekukasirikia.

Kesho, mkuu, ukitoka ofisini kwako saa 6 kasoro, simama nje dakika mbili uangalie mafundi wanaelekea wapi. Mimi naishia hapa, sasa hivi ni saa 5 na robo na harufu ya nazi imeshaingia dirishani. Mama anapalia.